Nyoka na Kinyonga: Lugha, Mamlaka na Imani katika Utenzi wa Milton na Masimulizi ya Wakamba

Utangulizi

Kila utenzi wa kidini huzusha swali ambalo mtunzi wake hawezi kulikwepa: ni nani mwenye haki ya kusema kwa niaba ya Mungu, na msikilizaji atamtambuaje msemaji wa kweli? Swali hili ni la kifani, kwa kuwa mtunzi hana budi kuamua ni sauti ipi itakayosema, na kwa mtindo gani. Ni swali la kimaadili pia, kwa sababu anayeaminiwa hupewa uwezo juu ya maisha ya wenzake.

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kulinganisha kazi mbili ambazo ni nadra kuwekwa pamoja. Ya kwanza ni Paradise Lost, utenzi mkuu wa Kiingereza juu ya kupotea kwa bustani ya Edeni, uliotungwa na John Milton na kuchapishwa mwaka 1667 ukiwa na vitabu 10, kisha ukapangwa upya katika vitabu 12 mwaka 1674. Ya pili ni masimulizi mafupi ya Wakamba kuhusu asili ya kifo. Kwa ukubwa na kwa sifa kazi hizi hazilingani hata kidogo. Hata hivyo, zote mbili zinaeleza jinsi kifo kilivyoingia duniani, na zote mbili zinasema kwamba kiliingia kwa njia ya maneno.

Kitui na Makueni hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Huko ndiko alikofika Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, akiwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuandika habari za bara la Kenya. Huko, kwenye kilima cha Nzaui, ndiko misheni ya Africa Inland ilikoanzisha kituo chake cha kwanza mwaka 1895. Na huko ndiko alikozaliwa, mwaka 1931, John Mbiti, mwanateolojia aliyelifanya suala la lugha na imani kuwa kazi ya maisha yake. Msomaji wa Milton aliyelelewa katika nchi hiyo hasomi habari za mjumbe, amri na hukumu kama mambo ya mbali. Nchi yake imepokea wajumbe wengi.

Dai letu ni hili: utenzi wa Milton na masimulizi ya Wakamba yanakubaliana kwamba ufasaha si ushahidi wa ukweli, lakini yanatofautiana juu ya nani wa kulaumiwa pale ufasaha unaposhinda. Katika tofauti hiyo ndimo lilimo fundisho linalotuhusu sisi tunaosoma na kufundisha fasihi leo.

Mtunzi na idhini yake

Katika mapokeo ya tenzi za Kiswahili, mtunzi huomba idhini waziwazi. Huanza kwa jina la Mungu, humsalia Mtume, kisha hueleza kwamba habari atakayoitoa ameipokea kutoka kwa waliomtangulia. Mwengo bin Athumani, mtunzi wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, aliandika Pate kwa ombi la mtawala wake, juu ya hadithi iliyokwisha kuwapo. Mamlaka yake yametoka nje ya nafsi yake: kwa Mungu, kwa mtawala, na kwa masimulizi yaliyopokewa. Akikosea, wapo wa kumsahihisha.

Milton hana ngao hiyo. Alikuwa amemtumikia Cromwell na jamhuri tangu mwaka 1649, mwaka ambao mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Alikuwa ametetea kwa kalamu haki ya raia kumhukumu mfalme dhalimu. Kufikia mwaka 1652 alikuwa kipofu kabisa. Ufalme uliporejeshwa mwaka 1660, baadhi ya vitabu vyake vilichomwa moto hadharani, naye akawekwa kizuizini kwa muda. Utenzi wake, kwa hiyo, haukutungwa kwa ombi la mtawala yeyote, bali na mtu aliyeshindwa kisiasa, akiyatamka maneno yake gizani ili wengine wamwandikie. Idhini anayoidai ni ya Roho mwenyewe, ambaye anamwomba aangaze kilicho kiza ndani yake, ili apate kuwaeleza wanadamu haki ya matendo ya Mungu.

Dai hilo ni kubwa kuliko la Mwengo, tena ni la hatari zaidi. Mtu aliyepinga mamlaka ya wafalme na maaskofu sasa anajitwika mamlaka ya kumsemea Muumba. Ni nini kitakachomhakikishia msomaji kwamba sauti hii si majivuno ya mtunzi? Tunavyoona sisi, Milton alilijua swali hilo, na jibu lake limo katika namna alivyougawa ufasaha kati ya wahusika wake.

Nyoka anayesema

Msomaji yeyote wa vitabu viwili vya mwanzo hutambua kwamba Shetani ndiye msemaji hodari kuliko wote. Ameanguka, jeshi lake limevunjika, lakini maneno yake yanawainua walioanguka pamoja naye. Anatumia msamiati wa uhuru, wa usawa, wa kukataa kupiga magoti, yaani msamiati uleule ambao Milton aliutumia dhidi ya mfalme. William Blake, mwishoni mwa karne ya 18, alidai kwamba Milton alikuwa upande wa Shetani bila kujua. William Empson, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alikwenda mbali zaidi akamtia hatiani Mungu wa utenzi huo. Kwa upande wa pili, C. S. Lewis mwaka 1942 aliutetea utenzi kama kazi ya imani ya kawaida ya Kikristo, naye Stanley Fish mwaka 1967 akasema kwamba Milton anamtega msomaji kwa makusudi: anamwacha avutiwe na hotuba za Shetani ili agundue, kwa aibu, jinsi anavyodanganyika kwa urahisi.

Mungu, kwa upande wake, anaposema katika kitabu cha 3, lugha yake ni kavu. Hakuna mapambo, hakuna tashibihi ndefu. Ni hoja juu ya hoja kuhusu hiari ya mwanadamu na neema. Wahakiki wamelilalamikia jambo hili tangu karne ya 18, wakisema kwamba Mungu huyu anasema kama mwalimu wa teolojia. Lakini lawama hiyo inageuka kuwa hoja tukizingatia mgawanyo tulioutaja. Anayehitaji kushawishi hupamba. Anayejua hana haja ya kupamba.

Mgawanyo huu unadhihirika zaidi katika kitabu cha 9. Hawa anakutana na nyoka, na kinachomshangaza kwanza si tunda bali ni usemi wenyewe: mnyama amepataje ulimi wa mtu? Nyoka anajibu kwamba alikula tunda fulani, na baada ya kula akapewa akili na maneno. Hapa Milton anaongeza jambo ambalo halimo katika kitabu cha Mwanzo. Katika Biblia nyoka anasema tu, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Kwa Milton, kusema kwake ndiko kunakokuwa ushahidi. Hawa anaambiwa, kwa maana: nisikilize, mimi ni mfano hai wa ninayoyasema. Mtunzi anamfananisha nyoka na wasemaji mashuhuri wa Athens na Roma ya kale, akionyesha kwamba sanaa yote ya balagha sasa imeingia kinywani mwa mnyama.

Adhabu inalingana na kosa. Katika kitabu cha 10 Shetani anarudi kuzimu kujisifu mbele ya wafuasi wake, anangoja vigelegele, lakini anachosikia ni mfyonzo wa nyoka kila upande. Wote wamegeuzwa nyoka, na yeye pamoja nao. Aliyetumia ulimi kuwaangamiza wengine amenyang'anywa ulimi.

Kinyonga mwenye kigugumizi

Masimulizi ya Wakamba yaliandikwa na wakusanyaji mbalimbali mwanzoni mwa karne ya 20, na yana matoleo kadhaa, lakini kiini chake hakibadiliki. Muumba alitaka wanadamu wafe kisha wafufuke. Akamtuma kinyonga, mnyama wa kuaminika, apeleke habari hiyo. Pamoja naye alikwenda ndege mwenye ulimi mwepesi. Walipofika mbele ya watu, kinyonga akaanza kusema, lakini ulimi ukamkwama. Akarudia rudia tu kwamba ametumwa kusema, ametumwa kusema. Ndege akamkatiza. Akatangaza kwamba watu watakufa na kutoweka kama mizizi ya mshubiri. Kinyonga akapata sauti na kupinga, akasema kwamba habari waliyopewa ni ya kufufuka. Lakini katika toleo mojawapo ndege wa tatu, anayesifika kwa werevu, alitoa uamuzi: neno la kwanza ndilo lenye hekima. Watu wakatawanyika, na tangu hapo wanakufa.

Hadithi ya mjumbe aliyechelewa au aliyekosea inajulikana katika sehemu nyingi za Afrika. Ila katika toleo hili kinyonga hakuchelewa njiani: alikuwapo, mbele ya watu, na ukweli kinywani. Alichokosa ni wepesi wa kuutamka. Tena watu hawakudanganywa na adui wa Muumba. Ndege hana uasi wala kisasi kama cha Shetani. Ana wepesi wa ulimi tu, na mbele ya hadhara wepesi umetosha kuwa mamlaka. Na uamuzi ulipotolewa, haukutolewa kwa kuuliza nani alitumwa na nini, bali kwa kuuliza nani alisema kwanza.

Mjumbe mzito wa ulimi si mgeni katika dini zetu. Katika kitabu cha Kutoka, Musa anamwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, naye anapewa ndugu yake Haruni awe kinywa chake. Katika Kurani, sura ya Taha, Musa anaomba afunguliwe fundo la ulimi wake. Yafaa kukumbuka kwamba katika Kutoka, Musa alipokawia mlimani, ni Haruni huyohuyo msemaji aliyewatengenezea watu ndama wa dhahabu. Mapokeo ya Biblia na ya Wakamba yanakutana hapa bila ya kuazimana: ukweli umewekwa mikononi mwa asiyejua kuupamba.

Nani alaumiwe?

Hadi hapo Milton na Wakamba wako pamoja. Wanaachana kwenye suala la hatia. Milton anafanya juhudi kubwa kuhakikisha kwamba wanadamu hawana udhuru. Anamtuma malaika Rafaeli bustanini, na mazungumzo yake na Adamu yanachukua vitabu vinne, kuanzia cha 5 hadi cha 8. Onyo linatolewa kwa ukamilifu, kwa lugha inayoeleweka, na mjumbe mwenye subira anajibu maswali. Kwa hiyo Adamu na Hawa wanapokula, kosa ni la hiari yao. Amri ilifika.

Kwa Wakamba, habari haikufika. Hakuna amri iliyovunjwa, hakuna tunda, hakuna jaribu. Watu walisimama, wakasikiliza, wakaondoka na habari iliyopotoka. Kifo chao si adhabu. Ni matokeo ya usikivu mbovu na hukumu ya haraka.

Tofauti hii inaonekana hata katika suala la asili ya watu. Masimulizi ya Wakamba yanasema kwamba watu wa kwanza walishushwa na Mulungu kutoka mawinguni pamoja na mifugo yao, wakatua juu ya mwamba wa Nzaui, katika Makueni ya leo, na huko huonyeshwa alama zinazosemekana kuwa nyayo zao. Utenzi wa Milton nao unaanza na viumbe vilivyotoka mbinguni hadi chini. Lakini wale wa Milton wametupwa, hawa wa Nzaui wameshushwa. Kwa Milton, kushuka ni hukumu. Kwa Wakamba, kushuka ni mwanzo wa makazi.

Kwenye kilima hichohicho Peter Cameron Scott, Mskoti aliyehamia Marekani, alianzisha kituo cha misheni mwishoni mwa mwaka 1895. Alifariki huko Desemba 1896, baada ya mwaka mmoja tu. Alileta habari ya Anguko kwa watu ambao masimulizi yao hayakuwa na Anguko. Hatusemi hivi ili kumlaumu marehemu aliyeitoa roho yake kwa alichokiamini. Tunasema hivi kwa sababu swali la Milton, la haki ya Mungu katika kuhukumu, huchukua sura nyingine mwambani Nzaui. Je, mtu anaweza kuhukumiwa kwa habari ambayo haikumfikia, au iliyomfikia kwa lugha iliyokwama?

Jina na mjumbe

Swali hilo ndilo lililowakabili wafasiri. Krapf, aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka uliofuata. Ni Krapf huyohuyo aliyepeleka miswada ya tenzi za Kiswahili Ujerumani mwaka 1854, ukiwemo Utendi wa Tambuka. Mkono mmoja, basi, ulileta maandiko huku na kupeleka maandiko kule. Agano Jipya la Kikamba lilichapishwa mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956.

Kikamba kilikuwa na majina kadhaa ya Mungu: Mulungu, lenye undugu na Mungu wetu wa Kiswahili, Mumbi, yaani muumbaji, na Ngai, linalohusishwa na Enkai wa Wamasai, ambalo ndilo lililoshika nafasi katika Biblia. Uteuzi wa jina moja ni uamuzi kama ule wa ndege wa tatu: ukishatolewa, watu hutawanyika nao. Okot p'Bitek alieleza yaliyowapata Waacholi wa Uganda, ambao waliulizwa na wamisionari ni nani aliyewafinyanga, nao wakataja Rubanga, pepo anayepinda watu migongo, na kwa jina hilo wakafundishwa kumwabudu Mungu. Mjumbe alikuwa mfasaha. Swali lenyewe lilikuwa limekwama.

Mbiti aliliendea jambo hili kwa upole zaidi. Katika utafiti wake juu ya mafundisho ya siku za mwisho miongoni mwa Wakamba, uliochapishwa mwaka 1971, alionyesha jinsi mafumbo ya Agano Jipya, kama moto, mji na hazina, yalivyopokewa kama vitu vya kushikika, kwa sababu waliofundisha hawakujiuliza lugha ya wasikilizaji inausemaje wakati ujao. Ili kueleza dhana ya wakati, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Maelezo yake ya wakati yamepingwa na wengi, na p'Bitek alimshutumu kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Mbiti hakuyaacha maswali ya lugha hata hivyo. Katika uzee wake alitoa tafsiri yake ya Agano Jipya zima kwa Kikamba, kutoka Kigiriki chenyewe. Alifariki mwaka 2019. Mwana wa Mulango, Kitui, alirudia kazi ya mjumbe, polepole, neno kwa neno.

Pingamizi mbili

Yamkini mtu akasema kwamba tunakipamba kigugumizi. Kinyonga, hata hivyo, alishindwa kazi yake, na kushindwa kwake kuliwagharimu watu uhai. Hoja hii ina uzito. Ukweli usiosemeka haumfai mtu, na mwenye ukweli ana wajibu wa kujifunza kuusema. Milton mwenyewe ni ushahidi wa jambo hili: angechukia ufasaha kabisa, asingetunga utenzi. Tunachokataa si ufasaha, bali kuufanya kuwa hati ya utume.

Wengine watasema kwamba si haki kuweka hadithi ya kinyonga kando ya utenzi unaosimama juu ya Maandiko, hasa kwa kuwa wakazi wengi wa Kitui na Makueni leo ni Wakristo na hawaiamini hadithi hiyo kama imani. Jibu letu ni kwamba hatulinganishi ukweli wa dini mbili. Tunalinganisha yale ambayo kazi mbili za sanaa zinatufundisha kuhusu kusikiliza. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati, hawakudai kwamba Shakespeare au Milton wasisomwe. Walidai wasomwe kutoka hapa tulipo. Kumsoma Milton kutoka Nzaui ni kutekeleza dai hilo.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Paradise Lost na katika masimulizi ya Wakamba, kifo kinaletwa na ulimi mwepesi. Milton anamtwika lawama msikilizaji, kwa kuwa alionywa kikamilifu. Wakamba wanaigawanya lawama: sehemu kwa mjumbe aliyekwama, sehemu kwa msemaji aliyekatiza, na sehemu kubwa kwa hadhara iliyokubali neno la kwanza bila kuuliza nani alitumwa.

Mgawanyo huu wa pili unatuhusu zaidi. Mwanafunzi wa Kitui anasema Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza katika chumba cha mtihani, na ni katika lugha hii ya tatu ndiko anakopimwa kama ana fikra. Anaposita, tunadhani hana la kusema. Katika ibada nyingi mhubiri husema kwa Kiingereza na mkalimani kwa Kikamba, na waumini hujifunza, pasipo kufundishwa, kwamba neno la kwanza ndilo lenye hekima na la pili ni mwangwi wake. Haya ni matendo ya kimaadili, hata kama yanafanywa na watu wema wasiokusudia ubaya.

Wajibu wa mhakiki, na wa mwalimu wa fasihi kwa jumla, ni kuichelewesha hukumu. Hadhara ile ya masimulizi haikuhitaji elimu kubwa ili kuokoka. Ilihitaji kungoja kidogo, mpaka kinyonga amalize sentensi yake.